Kiwete Hiki, Kiwete Huyu

Nchi ya Nyookeni haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji akihisi kwamba anaijua, ama amekosea au anaishi huko. Ni nchi nzuri. Barabara zake zimenyooka, foleni zake zimenyooka, na wakubwa wake husema maneno yaliyonyooka. Kitu kikipinda, hunyooshwa. Kikikataa kunyooka, huandikiwa waraka.

Waraka uliomhusu Bi Kibibi Mshamu uliletwa siku ya Jumatano na tarishi wa pikipiki. Wakati huo Kibibi alikuwa kibandani kwake katika soko la Mtoni Kati, ameketi juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, stovu ya mama ntilie mmoja mapajani, anavuta tambi mpya. Miguu yake ilikauka kwa homa akiwa na miaka minne. Mikono, kana kwamba imesikia uchungu, ikafanya kazi ya viungo vyote vinne, na hapakuwa na stovu ya mafuta ya taa sokoni pale iliyowahi kumshinda. Wenye stovu walimwita fundi. Serikali ilimwita kiwete, na siku za sherehe, wageni wakiwepo, ilimwita ndugu yetu mwenye mahitaji maalumu.

Alifuta mikono akausoma ule waraka. Ulikuwa na habari mbili. Ya kwanza ilisema kibanda chake kitapigwa misumari Jumamosi saa sita mchana kwa sababu ya kodi, isipokuwa kama ataonyesha Cheti cha Nafuu, ambacho sheria iliwapa viwete wanaofanya kazi. Kibibi alishusha pumzi, maana cheti hicho alikuwa amekiomba kwa miaka mitatu na sasa waraka ulimwambia akakichukue. Habari ya pili ilikuwa fupi: anayepokea Nafuu haruhusiwi kupokea Posho, mpaka hali yake ipatanishwe.

Posho hiyo Serikali ilimpa kila mwezi kwa kuwa hatembei. Haikuwa nyingi. Ilitosha kununua dawa za presha za mama yake, Bi Mize, mwenye miaka sabini na nane, aliyekuwa akilala nyuma ya pazia katika chumba chao kimoja. Kibanda ndicho kilichowalisha, na posho ndiyo iliyomweka mama hai. Kibibi alikunja waraka mara nne, akaanza kuogopa.

*

Idara ya Upatanisho ilikuwa kwenye jengo la ghorofa tatu lisilo na lifti, na ofisi ya viwete ilikuwa ghorofa ya tatu. Wabeba mizigo wawili walimpandisha Kibibi na baiskeli yake Alhamisi asubuhi kwa malipo ya stovu mbili atakazowatengenezea wake zao.

Mbele yake kwenye foleni palikuwa na mtu na mkewe waliogombana. Walikuwa wamesikia neno upatanisho redioni, wakafunga safari kuja kupatanishwa. Karani aliwasikiliza kwa upole, kisha akawaeleza kwamba idara hii haishughuliki na ndoa. Inashughulika na upatanisho wa kisarufi. Wale wawili wakaondoka wakiitukana Serikali kwa sauti moja, kwa hiyo huenda safari yao haikupotea bure.

Karani huyo aliitwa Ngwali, na hakuwa mtu mbaya. Alimpa Kibibi maji ya kunywa, akamweleza historia.

Zamani kidogo Bunge la Nyookeni lilipitisha sheria ya huruma. Ilisema: Viwete wote wanaofanya kazi watapewa nafuu ya kodi. Ikapelekwa kwa mpiga chapa, mtu nadhifu asiyependa neno likae ovyo. Aliona neno linaanza na vi-, akakumbuka viti, vikombe na vijiko, akairekebisha: Viwete vyote vinavyofanya kazi vitapewa nafuu ya kodi. Kiongozi akatia saini. Nchi nyingine wangesema mpiga chapa amekosea. Nyookeni, jambo lililotiwa saini na Kiongozi haliwezi kuwa kosa. Na kwa kuwa karatasi haikuweza kurekebishwa, ikabidi warekebishwe viwete.

"Kwa hiyo nafuu ni ya vitu," alisema Ngwali. "Ni haki, Bi Kibibi. Umewahi kuona sufuria inalipa kodi? Lakini sufuria haili wala haiugui, haina haja ya posho. Posho ni ya mtu. Mtu anakula, anaugua, na analipa kodi."

Kibibi alimuuliza kuhusu mtu anayekula, anayeugua na anayefanya kazi, huku miguu yake haifanyi.

"Huyo ndiye anayeletwa Upatanisho."

Akamsogezea fomu. Ilikuwa na swali moja tu: Mwombaji ni mtu au ni kitu? Chini yake palikuwa na visanduku viwili, na maandishi madogo yaliyoonya kwamba kuweka alama katika vyote viwili ni udanganyifu na adhabu yake ni kifungo. Ngwali aliliangalia jina la mwombaji, akamwambia kwa nia njema kabisa kwamba jina lenyewe, Kibibi, lingemsaidia sana akichagua kitu.

Kibibi hakuweka alama. Alisema anataka kufikiri. Ngwali akaandika kwamba mwombaji anafikiri, akampangia shauri Ijumaa saa nne mbele ya Mpatanishi Mkuu, na kwa mujibu wa utaratibu akaamuru apelekwe kwanza kuona ghala, ili achague akiwa na macho mawili.

*

Ghala lilikuwa uani, na lilikuwa safi kuliko hospitali ya wilaya. Idara, kwa kupenda haki, iliona si vizuri viwete wafaidi peke yao, ikaeneza sheria kwa vipofu na viziwi, ambao nao herufi zao za mwanzo hazikuwa na utata. Waliochagua nafuu walikuwa wameketi humo juu ya mabenchi, wanaume upande huu na wanawake upande ule, kila mmoja na kibandiko cha namba kilichofungwa shingoni kwa uzi.

Mtunza ghala alimweleza Kibibi kwamba hakuna aliyefungwa. Ila kitu lazima kiwe na mwenyewe. Kisicho na mwenyewe ni kitu kilichookotwa, na kilichookotwa huhifadhiwa mpaka mwenyewe ajitokeze na kukitilia saini. Alisema hivyo kisha akaenda kunywa chai.

Aliyekuwa karibu na mlango alikuwa kipofu mmoja mzee. Kibibi alimtambua: Mzee Makame, msuka mikeka, aliyekuwa akiuzia upande wa pili wa soko na aliyetoweka tangu mwezi wa Shaabani. Alimwamkia shikamoo. Mzee alichelewa kidogo kuitikia, kama mtu anayehakikisha kwanza kwamba salamu ni yake.

"Marahaba, mwanangu. Wanatutunza. Kila Ijumaa wanatupangusa vumbi."

Kibibi alimuuliza kwa nini hajatoka. Mzee akasema mwanawe aliahidi kuja kumtilia saini Jumatatu, ila hakutaja Jumatatu gani. Mikono yake ilikuwa ikisuka hewa juu ya magoti. Kisha akainama akapunguza sauti.

"Jana niliomba maji. Yule bwana akacheka, akamwita mwenzake. Akamwambia, njoo usikie, hiki kinasema."

Kibibi alitoka pale akisukuma magurudumu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na viganja vilimuuma mpaka nyumbani.

*

Habari Nyookeni husafiri kwa miguu minne. Magharibi ilikuwa haijaingia wakati shemeji yake, Chande, ndugu wa marehemu mume wake, alipobisha hodi na kilo mbili za sukari. Kwa miaka sita tangu msiba, Chande hakuwa amekuja hata na chumvi.

Alikaa, akasifu chumba, akasema yeye yuko tayari kuwa mwenyewe. Alishauliza mjini. Akitia saini kesho, Kibibi anapata nafuu na hakai ghalani hata siku moja, anarudi kwake kama kawaida, na nani atajua?

"Ni karatasi tu, shemeji," alisema. Alisema hivyo mara tatu.

Kibibi alimuuliza kibanda kitakuwa cha nani. Chande akakuna kidevu. Kisheria, alisema, kitu hakiwezi kumiliki kitu, kwa hiyo kibanda kingeandikwa jina lake yeye, na stovu, na baiskeli, lakini hayo yote pia ni karatasi tu. Na akitaka kusafiri au kuolewa tena, ingebidi aombe ruhusa ya mwenyewe, jambo ambalo yeye Chande asingelikataa bila sababu.

Nyuma ya pazia kitanda kililia.

"Chande," ilisema sauti ya Bi Mize, "hiyo sukari rudi nayo."

Chande aliirudisha kweli, kilo zote mbili. Alipokwisha kutoka, mama na mwana hawakuzungumza juu ya dawa. Lakini Kibibi alipompelekea vidonge vya jioni alivihesabu kwa kidole ndani ya chupa, na vilikuwa vya siku sita. Mama yake alimwona akihesabu. Akageuza uso ukutani, akajifanya amelala.

*

Ijumaa saa nne Kibibi aliingizwa katika ukumbi wa shauri. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa picha ya Kiongozi, anatabasamu, mkono mmoja umeinuliwa kama anayezuia mvua. Chini yake, kwa herufi za dhahabu kubwa kuliko mkate, paliandikwa: KIONGOZI WETU AMEFIKA, ANAONA, ANATOSHA.

Chini ya maneno hayo aliketi Mpatanishi Mkuu, Profesa Badrani, mtu mwembamba mwenye kalamu nyekundu mfukoni, aliyesemekana kuwa aliwahi kumwacha mchumba kwa kosa la kitenzi. Pembeni alikaa Ngwali, kuandika. Mlangoni alisimama askari.

Profesa alihutubia kwa robo saa. Alisema taifa ni sentensi. Alisema kila neno likikaa mahali pake, likapatana na jirani yake, nchi husomeka. Neno moja likijifanya linataka huku na linataka kule, maana yote huvurugika na maadui huchekelea. Alisema yeye binafsi ana huruma, ila huruma haina kanuni. Kisha akamtazama mwombaji juu ya miwani.

"Wewe, ndugu mwombaji, ni kosa la upatanisho linalotembea." Akaangalia faili. "Lisilotembea, samahani. Sasa chagua. Mtu, au kitu?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika ishirini. Ikifika saa sita ofisi ingefungwa kwa sala ya Ijumaa, na baada yake hakuna kufunguliwa mpaka Jumatatu, na Jumatatu kibanda kingekuwa na misumari ya siku mbili. Kibibi alikuwa hajalala. Usiku kucha alikuwa ameligeuza jambo hili kama anavyogeuza stovu iliyoziba, akitafuta tundu la kupitisha pini, na alfajiri alikuwa ameliona. Lakini kuliona ni jambo moja. Nyookeni, watu walikuwa wamepotea kwa madogo kuliko hilo.

"Kuuliza si ujinga, mheshimiwa," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Mimi niliishia darasa la saba. Naomba unifundishe kanuni ya waraka ili nisikosee kuchagua. Yale maneno ya ukutani, kwa kufuata kanuni hiyo, yanasomwaje?"

Profesa alikuwa mwalimu kabla hajawa mheshimiwa, na mwalimu akiombwa kufundisha hujibu kabla ya kufikiri. Akageuka, akanyoosha kidole.

"Rahisi. Neno linaanza na ki-, kwa hiyo... Kiongozi..."

Kidole kikabaki hewani.

Kalamu ya Ngwali ilisimama. Askari mlangoni alianza kuangalia viatu vyake. Kila aliyekuwa ukumbini alikuwa tayari amekamilisha ile sentensi kimoyomoyo, na kila mmoja alikuwa akiomba Mungu isionekane usoni mwake. Maana kama waraka ni kweli, Kiongozi chetu kimefika, kinaona, kinatosha, na atakayeyatamka hayo hatalala kwake. Na kama Kiongozi ni wetu, na amefika, basi ki- si kitu tena, waraka umekufa, na ghala lote linakwenda nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Profesa alishusha kidole taratibu. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya miwani. Aliuliza ni nani aliyemtuma. Kibibi akasema hakutumwa, ameuliza tu. Profesa aliingia chumba cha ndani na kufunga mlango, na wakasikia namba zikibonyezwa kwenye simu.

"Bi Kibibi," Ngwali alinong'ona bila kuinua kichwa, "umetumaliza. Mimi nina watoto wanne."

Kibibi alimwambia pole, na alimaanisha. Kupitia ukuta walisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: ndiyo mzee, hapana mzee, hakusema, mzee, aliuliza. Saa ya ukutani ilifika saa tano, ikapita. Kibibi aliwaza nani atampa mama yake vidonge vya jioni ikiwa yeye hatarudi, akakosa jina hata moja.

*

Profesa alirudi saa tano na nusu akiwa anatabasamu, na tabasamu hilo lilimtisha Kibibi kuliko jasho la kwanza.

Alitangaza kwamba imeamuliwa juu kabisa kuwa swali halikuulizwa. Ngwali akaagizwa kuifuta mistari mitano, akaifuta. Kisha Profesa akavuta kiti akaketi karibu na baiskeli, kama jamaa aliyekuja kuhani msiba, akaeleza kwamba Serikali ina masikio. Bi Kibibi atapewa nafuu na posho, vyote viwili, maisha yake yote. Hatahitaji mwenyewe. Ghala hataliona tena. Cheti hiki hapa, kimepigwa muhuri, akitoka nacho sasa hivi hakuna atakayegusa kibanda. Kilichobaki ni saini yake chini ya tamko dogo, la kumbukumbu tu, litakalokaa ndani ya faili.

Kibibi alilisoma. Kiwete hiki kimesikilizwa, kimeridhika, na hakina swali.

"Na wale wa ghalani?" aliuliza.

"Swali halikuulizwa," alisema Profesa. "Hakuna la kujibu."

Alimpa kalamu ya wino mweusi. Kibibi aliishika. Asidanganywe mtu: alitamani kutia saini. Alikitamani kile cheti mpaka mate yakamjaa kinywani, na aliona haya kwa kutamani kiasi hicho. Alifikiria vidonge vya siku sita, ambavyo kwa sasa vilikuwa vya siku tano na nusu. Alifikiria Jumamosi, nyundo, mama ntilie wakichukua stovu zao mikononi mwake juani. Ni karatasi tu. Nani angejua? Angejua yeye, na angejua huyu bwana mwenye kalamu nyekundu, na siku nyingine kiwete mwingine akija kuuliza, lingetolewa hili faili, aonyeshwe kwamba mwenzake kiliridhika.

Aliweka karatasi juu ya paja, mahali anapoweka stovu. Alikata hiki, akaandika huyu. Alikata kimesikilizwa, akaandika amesikilizwa, kwa kuwa hilo lilikuwa kweli. Alipofika kwenye kimeridhika akaandika polepole zaidi, maana hakutaka mwandiko mbaya. Kisha akamaliza, akatia saini jina lake lote, Kibibi Mshamu Haji, na akamrudishia Profesa karatasi pamoja na kalamu yake.

Kiwete huyu amesikilizwa, hajaridhika, na ana swali.

Cheti alikiacha mezani. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameagizwa jinsi ya kumzuia mtu ambaye hakuuliza chochote. Askari alimfungulia mlango, na alipokuwa anapita alimwambia kwa sauti ya chini, kwa heri, mama. Ngazi zilikuwa ghorofa tatu na wabeba mizigo walishaondoka. Kibibi alishuka kwenye baiskeli, akaketi kwenye ngazi ya juu, akaanza kuteremka moja moja kwa mikono, huku Ngwali, aliyeacha meza yake bila ruhusa, akimfuata nyuma na baiskeli begani.

Profesa Badrani alibaki ukumbini. Kufuta karatasi ile hakuweza, maana ilikwisha sainiwa. Kuipeleka juu hakuthubutu. Njia iliyobaki ilikuwa moja, kuikataa kwa kosa la sarufi. Akatoa kalamu nyekundu, akaisoma tangu mwanzo, neno kwa neno, kiambishi kwa kiambishi. Adhana ilipita, ofisi ikafungwa, kukachwa na kukacha. Jumamosi saa sita mchana, misumari ikigongwa Mtoni Kati, bado alikuwa ameinama juu ya ile sentensi na kalamu yake, anatafuta kosa. Hakuliona.